Waliomchoma Nyanya Yako Walidhani Wanaijua Historia

Kemunto binti yangu,

Sanduku lako limefungwa, liko karibu na mlango. Mambo ya blanketi, ya chakula cha hosteli na ya watu wa kuepuka mjini tumeyasema hadi umechoka, sitayarudia. Umetoka kwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, nami nimefunika cherehani mapema ili niandike kabla hujarudi. Ukiwa umekaa mbele yangu sitaweza.

Juzi mezani baba yako mdogo alikuuliza, "Historia? Utaila hiyo? Kwa nini usichukue uuguzi kama wenzako?" Ukanitazama ili nikutetee, nikainamia sahani yangu. Najua ulifikiri ninakubaliana naye. Nilinyamaza kwa sababu jibu langu lina damu ndani yake, na palikuwa na watoto wadogo wanakula.

Ninaandika kwa Kiswahili ingawa mimi na wewe huzungumza Kigusii. Kuna neno moja la Kigusii ambalo watu walilipiga kelele uani kwetu, omorogi, yaani mchawi, na tangu siku hiyo nikijaribu kueleza habari hii kwa lugha ya mama yangu nalisikia neno lile na kuachia katikati. Kiswahili nilikisoma darasani. Kinanipa nafasi ya kupumua.

Nyanya yako Nyaboke hakufa kwa ugonjwa wa moyo. Alichomwa moto. Alichomwa na majirani, mchana, katika ua huu huu ulimokuwa ukiruka kamba ukiwa mdogo.

Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi likizo. Baba yangu alikuwa amefariki tukiwa watoto, na kaka yangu Ombati, mjomba wako, alikuwa kibarua kule Kericho kwenye mashamba makubwa ya chai. Nyumbani tulibaki mimi na mama. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye ulimi mkali. Ng'ombe wa mtu akiingia kwenye chai yake, alimrudisha mwenyewe hadi kwa mwenye ng'ombe na kumsema huyo mtu mbele ya wageni wake. Lakini mwanamke akishikwa na uchungu usiku, mama ndiye aliyeitwa. Nusu ya vijana wa mtaa huu walipokelewa na mikono yake.

Jirani yetu wa upande wa chini aliitwa Ogega. Mwanawe wa kwanza, kijana aliyekuwa na afya, alianguka akichuma chai akafa kabla hajafikishwa barabarani. Leo pengine mtu angepimwa na jina la ugonjwa likajulikana. Siku hizo alizikwa tu. Pale kaburini Ogega akasimama kuzungumza. Alikuwa amelia hadi sauti imekauka.

"Mnauliza mwanangu ameuawa na nini?" akasema. "Hamjui hawa watu wa kwa Nyaboke walitoka wapi? Walifukuzwa Nyamache kwa uchawi. Mzee wao alikuja huku usiku, na mke na mtoto. Mtu mwema huhama usiku? Yule mke wake alikufa akamwachia nani hiyo kazi? Si mkaza mwana wake?"

Nilikuwepo, Kemunto, na nataka uelewe jinsi lilivyokuwa jambo jepesi. Hakuna aliyemuuliza, "Wewe nani alikuambia?" Mzee mmoja akasema, "Hiyo hata mimi niliisikia." Mama mmoja akasema mkwewe aliwahi kuitaja. Kufikia wakati wa kunawa mikono, watu walikuwa wanatajiana idadi ya waliouawa na babu yangu huko Nyamache, na mmoja anataja hata kijiji. Wengi wao walikuwa hawajawahi kufika Nyamache. Na mimi, mtoto wake wa kumzaa, nilimtazama mama akiwa amekaa peke yake kwenye ukingo wa ule umati, ameshika kitambaa cha kichwa, na kwa muda mfupi nikajiuliza. Kama mimi nilijiuliza, wale wengine wangezuiwa na nini?

Sabato iliyofuata tulikuwa tumetoka kanisani. Mama alikuwa anavua viatu. Tukasikia filimbi upande wa juu, kisha nyingine upande wa chini, na wakaanza kutokea katikati ya chai kutoka pande zote mbili. Mama alielewa kabla yangu. Alinisukuma kupitia dirisha la nyuma kwa nguvu hadi nikachubuka kiuno, akasema, "Kimbia kwa Bosibori. Usigeuke."

Nilikimbia hadi kwenye ua wa Bosibori, nikageuka.

Walimtoa nje wakimvuta miguu. Gauni lake la samawati la kwenda kanisani lilipanda hadi kifuani, naye badala ya kujikinga kichwa alikuwa akihangaika kulishusha. Rungu la kwanza lilivunja mkono aliokuwa akishushia gauni. Nilisikia ule mfupa. Mama akaanza kuwaita kwa majina. "Nyamari, mimi ndiye niliyekukata kitovu. Onderi, jana ulikunywa uji kwangu." Nilifikiri wakisikia majina yao watazinduka. Ilikuwa kinyume. Kila aliyetajwa ndiye aliyepiga zaidi, kama anataka jina lake lirudi kinywani lilikotoka. Mmoja alimkata mguuni kwa panga ili asiweze kusimama. Kisha wakamburuta kuelekea jikoni, ile nyumba yetu ndogo ya nyasi, na hapo Bosibori akanifikia, akanishika kichwa na kukikandamiza kifuani kwake. Sikuona zaidi. Nilisikia nyasi zikishika moto, nikamsikia mama. Sitaandika nilichosikia.

Bosibori ndiye yule mnayemwita Nyanya Bosibori, anayekutumia parachichi. Wakati ule alikuwa bado mama wa makamo, na mumewe, Mzee Makori, alikuwa hai. Hujawahi kuambiwa alikufaje.

Ombati alifika siku mbili baadaye. Alikuta majivu, na kaburi ambalo wachungaji na polisi walisaidia kuchimba kwa sababu majirani walikataa. Hakulia. Alizunguka akiuliza swali moja, "Nani?" Polisi walikuwa wanakamata kila mwanamume wanayemkuta, hivyo wengi walikuwa wamekimbia, lakini wanawake na wazee walikuwepo. Watu watatu, kila mmoja peke yake, wakamwambia jambo lile lile: "Tulimwona Makori mlangoni pa jikoni, ameshika kiberiti."

Ombati aliniuliza, "Wewe ulimwona?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sikuona, uso wangu ulikuwa umefichwa.

"Ulifichwa na nani?"

"Na mke wa Makori."

Alinitazama usoni. Baadaye nilielewa alichokuwa akikiona kichwani mwake: mke anamfumba macho mtoto ili asimwone mumewe. Kila kipande kilikaa mahali pake. Akaenda nyuma ya nyumba akaanza kunoa panga, na nilidhani anakwenda kukata miti ya kujengea.

Makori alikuwa amejificha kwenye chai, kama wanaume wengine, akiwaogopa polisi. Ombati alimkuta ameketi kati ya mistari, mikono ameificha ndani ya koti. Haya niliyasikia mahakamani, na baadaye nikayasikia tena kutoka kwa Ombati mwenyewe. Makori alipoona panga hakukimbia. Alisema, "Ombati, niulize kwanza." Ombati akampiga shingoni. Makori akainua mikono ikiwa bado ndani ya koti, na Ombati akamkata mara nyingine, na nyingine, hadi kitambaa cha koti na nyama vikawa kitu kimoja. Halafu akaja nyumbani na panga likiwa linadondosha damu, akanawa kwenye karai nililokuwa nikioshea vyombo, akaniambia, "Nimemaliza." Nikamkumbatia, Kemunto. Nilimkumbatia na kumshukuru.

Kesho yake asubuhi Bosibori aliingia uani kwetu. Hakupiga hodi. Mikono yake ilikuwa imelowa maji hadi kwenye viwiko kwa sababu walikuwa wanaosha maiti. Ombati tayari alikuwa amejipeleka kwa polisi. Bosibori akanishika kifundo cha mkono, akasema, "Njoo uone."

"Sitaki."

"Utaona. Kaka yako hakuona. Wewe utaona."

Alinivuta hadi kwake. Wanawake wawili walikuwa wamemlaza Mzee Makori juu ya majani ya migomba. Bosibori akamgeuza mikono, viganja juu. Ngozi yote ya viganja ilikuwa imebanduka kwa moto. Hayakuwa majeraha ya jana, yalikuwa yameanza kutoa maji. Na katikati ya vidole viwili palikuwa na kipande cha kitambaa kimegandia kwenye nyama, hata walipokivuta hakikutoka. Kilikuwa cha samawati.

Bosibori akanieleza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesimulia alivyopika. Mumewe alitoka kanisani mbio aliposikia filimbi. Alimkuta kijana mmoja anawasha kiberiti, akamnyang'anya. Hapo ndipo alipoonekana ameshika kiberiti, na wale watu watatu walisema kweli tupu. Wakati yeye anapigana na yule kijana, mwingine alichukua kijinga cha moto mafigani kwa mama mwenyewe akakichomeka kwenye nyasi. Makori akaingia ndani. Alimshika mama gauni, akamvuta, gauni likachanika. Akaingia mara ya pili na wanaume wakamvuta nje kwa miguu wakamkanyaga. Alijificha si kwa sababu ya polisi peke yake. Alikuwa anaona haya kwamba alishindwa.

Ndivyo nilivyoijua kazi unayokwenda kuisomea. Sikuijua darasani, ingawa mwalimu wetu wa historia alikuwa mzuri na nilikuwa nakariri vizuri. Niliijua nikiwa nimeinamia viganja vya maiti. Watu wale walimwona Makori na kiberiti. Mashahidi watatu, hawakula njama, hawakudanganya. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kilitoka wapi kile kiberiti na kikaenda wapi.

Ombati alihukumiwa, akafungwa. Nikaacha shule. Nilikwenda kukaa na shangazi kule Mosocho, nikajifunza kushona, nikaolewa na baba yako. Kwa miaka mingi niliwachukia watu wa hapa wote kwa pamoja, bila kumwacha hata mmoja, na nikimwaza Ogega nilikuwa najitosheleza kwa maelezo mafupi: alitaka shamba letu. Kulikuwa na ugomvi mdogo wa mpaka kweli. Nilishikilia hilo.

Kabla wewe hujazaliwa nilikwenda Nyamache. Sikumwambia baba yako ninachotafuta, nilisema naenda kutazama vitambaa siku ya soko. Nilitaka kusikia kwamba ukoo wetu haukufukuzwa, nirudi nilitangaze hilo hadi viziwi wasikie. Nilikwenda mara kadhaa, maana mara ya kwanza watu walinipa soda na kuniambia nilichotaka kusikia. Mama mmoja akasema babu yangu alihama kutafuta ardhi. Mwingine akasema aligombana na ndugu zake. Mwishowe wakanipeleka kwa mzee aliyekuwa hana meno, amelala kitandani, aliyemfahamu babu yangu akiwa kijana.

"Uchawi?" akasema. "Nani alikuwa na wakati wa uchawi? Yule alihama kwa sababu walimchomea nyumba."

"Nani?"

"Askari wa chifu. Enzi za wazungu. Mtu asipokwenda kuvunja mawe ya barabara, walimchapa kiboko na kuchoma nyumba yake."

Nilifurahi hadi nikasimama. Babu yangu alikuwa shujaa! Alikataa! Yule mzee akaniambia niketi, hajamaliza.

"Babu yako alikuwa askari wa chifu," akasema. "Alichoma nyumba nyingi kabla hawajamchomea yake. Ya kwetu aliichoma yeye. Dada yangu mdogo alikuwa amelala ndani."

Nikaketi. Mzee akaendelea kama anayezungumza na dari. Siku moja babu yangu alitumwa achome kwa mjomba wake mwenyewe, akakataa, basi wenzake wakamchapa mbele ya watu mpaka mgongo ukafunguka, wakamchomea nyumba, na usiku ule ule akamchukua mkewe na mtoto wakapita misituni hadi huku Nyamira. Mtoto huyo ndiye baba yangu.

"Tulifurahi alipoondoka," mzee akasema. "Wewe umekuja kuuliza, nami nimekujibu. Ungependa ningekudanganya?"

Nilimwambia hapana. Lakini njia nzima nikirudi nilikuwa natafuta namna ya kulisimulia jambo hilo bila ile sehemu ya dada yake. Nilifika nyumbani nikiwa nimeitengeneza vizuri kabisa, fupi, safi, babu anakataa na kuchapwa. Niliisimulia hivyo kwa watu wawili. Halafu nikamwona yule mtoto aliyelala ndani, nikatambua ninafanya kile kile kilichofanywa kaburini kwa mwana wa Ogega, nachukua kipande kinachonifaa na kukipa miguu. Nikarudi kwa wale wawili nikawaambia na kilichobaki. Mmoja wao mpaka leo hanisalimii.

Ile habari ya kuhama usiku, kwa hiyo, ilikuwa kweli. Ogega hakuibuni. Mtu alikimbia Nyamache usiku na watu wakafurahi alipoondoka, na kutoka huko hadi hapa, kwa miaka, sababu yake ilidondoka njiani na nyingine ikaokotwa. Mama yangu alikufa kwa ajili ya kile kipande kilichodondoka.

Sasa nije kwa mkono wangu. Umezoea kusema ulipinda nilipoteleza kwenye kituo cha kupimia majani chai. Ulikuwa na miaka saba. Tulikuwa tumerudi kuishi kwenye ardhi hii, na Ombati alikuwa ametoka gerezani, anakaa Mosocho, anavunja kokoto. Utakumbuka siku nilipokufungia ndani na redio ikiwa juu sana.

Mtoto wa mtu alikuwa ameamka hawezi kusema. Wakaanza kunong'ona kuhusu mjane anayeishi peke yake, ambaye mumewe alikufa kifo kibaya, ambaye zamani alionekana akimficha uso binti wa mchawi. Bosibori. Umeona jinsi yalivyosokotwa? Kunikinga kwake mimi ndiko kulikokuja kuwa ushahidi dhidi yake.

Nilimpigia Ombati simu, kisha naibu wa chifu, ambaye simu yake ilikuwa imezimwa. Nikaenda kusimama mlangoni kwa Bosibori. Walikuja wengi, na wengi wao walikuwa vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mama yangu alipokufa. Nikaanza kuwauliza. Sikuwasihi, maana nilikumbuka mama alivyowasihi.

"Nani alimwona?" nikasema. "Nitajie mtu mmoja."

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu hana macho. Wewe, ulimwona lini?"

"Mama alituambia."

"Mama yako aliambiwa na nani? Yuko wapi huyo? Mleteni asimame hapa."

Wachache walianza kutazamana. Ninakuambia, niliona maswali yakifanya kazi, niliona kijana mmoja akishusha rungu. Kisha mtu wa nyuma akarusha jiwe likanipata mdomoni, jino likatoka, na yule aliyekuwa mbele akanipiga mkono kwa gongo. Mfupa ulitokeza nje ya ngozi. Nilianguka mlangoni, na nikiwa chini wakanikanyaga mbavu kupita. Basi usifikiri ninakutuma ukajifunze maneno yatakayozuia rungu. Yangu hayakulizuia.

Walikuwa wameshamtoa Bosibori hadi kizingitini Ombati alipofika. Alikuwa amekodi pikipiki. Aliingia katikati yao, mikono mitupu, akavua shati. Sijui kwa nini alivua, naye anasema hajui. Alipiga kelele ambayo sijaisikia tena kwake.

"Mnanijua? Mimi ni Ombati. Mimi ndiye niliyemuua mume wa huyu mama."

Wakaacha kusukumana. Vijana walikuwa wamelisikia jina hilo kama hadithi ya kutisha, hawakujua ni mtu aliye hai.

"Nilikuwa na mashahidi watatu," akasema. "Ninyi mna wangapi? Nilikuwa na hakika kuliko ninyi. Nilimkata akiwa ameinua mikono, na mikono yenyewe ilikuwa imeungua kwa kumwokoa mama yangu. Nimelala na mikono hiyo gerezani kila siku. Anayetaka kumpiga huyu mama aje aanze na mimi, lakini kwanza aje aniambie amemwona kwa macho yake akifanya nini."

Akapiga magoti mbele ya Bosibori, akiwapa mgongo. Mtu mmoja alimkata begani, lile kovu unaloliona akiwa anaoga mtoni. Hakugeuka. Na pale, sijui ni kwa sababu ya damu au aibu, walianza kurudi nyuma mmoja mmoja. Nyumba ya Bosibori waliichoma walipokuwa wakiondoka, ili wasionekane wamekuja bure. Lakini yeye alikuwa nje, hai, ameketi chini, amefunika kichwa changu kwa kanga yake.

Yule mtoto aliyekuwa hawezi kusema alisema baada ya wiki chache. Leo anaendesha pikipiki pale stendi.

Nilimwomba Ombati ruhusa kabla ya kukuandikia haya. Akasema, "Mwambie yote. Akinichukia ni sawa, lakini asije akaambiwa na mtu mwingine." Tangu siku ile yeye ndiye anayelima shamba la Bosibori. Kwa miaka mitatu alikuwa akilima na kuondoka bila kukaribishwa hata maji. Mwaka wa nne, siku ya mvua kubwa, Bosibori alitoka na kumwambia, "Ingia, ugali utapoa." Hawajawahi kulizungumzia. Sijui kama hilo ni msamaha, na sitakuambia ni msamaha kwa sababu sijamuuliza.

Baba yako mdogo anataka kujua historia itakusaidia nini. Umesoma hadi hapa, mjibu wewe, au usimjibu. Huko uendako watakufundisha habari za wafalme na mikataba na vita vya mbali, na siku nyingine utachoka, utajiuliza hayo yana uhusiano gani na mtu wa Nyamira. Ukifika kwenye ukurasa unaosema watu wa mahali fulani walifukuzwa kwa sababu fulani, simama hapo. Uliza nani alisema. Uliza aliyefukuzwa alisema nini, kama kuna mtu alijisumbua kumsikiliza. Na ukikuta jambo baya kuhusu watu unaowapenda, usiliruke. Mimi niliruka, nikarudi.

Nina jambo moja la kukuomba, na ndilo lililonifanya nifunike cherehani leo.

Ogega bado yuko hai. Ni mzee sasa, haoni vizuri, mchana hukaa kwenye benchi nje ya duka la dawa pale Kebirigo. Nampita kila siku nikienda kazini. Alikamatwa wakati ule, akaachiliwa kwa kukosa ushahidi, na tangu wakati huo hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumuuliza aliisikia wapi ile habari ya Nyamache, na kwa nini aliitoa siku ile. Mimi nina jibu langu la shamba, lakini nikiwa mkweli silijui. Najua tu kwamba alikuwa amemzika mwanawe na sauti ilikuwa imekauka. Mara mbili nimesimama mbele ya benchi lile nikiwa na swali mdomoni. Mara zote mbili niliona mawe chini, nikaondoka haraka kabla sijainama kuokota.

Nenda ukajifunze, binti yangu. Jifunze namna ya kukaa na mtu kama yule, kumuuliza, na kumsikiliza hadi amalize. Ukirudi likizo ya kwanza nitakusindikiza hadi kwenye kona ya duka la dawa. Kuanzia pale utakwenda peke yako, umwambie wewe ni mjukuu wa Nyaboke, uketi karibu naye.

Mama yako